Namba Iliyokuwa ya Nancy

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Kuvunja nyumba na kujeruhi, kata ya Njisi, wilaya ya Kyela
Jina: Mwasiti Salehe Mbwana
Umri: Miaka 49
Kabila: Mzigua kwa baba, Mnyakyusa kwa mama
Dini: Mwislamu
Kazi: Muuza vitenge na mitandio
Makazi: Mbugani, Kyela mjini
Tarehe: 6 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nina akili timamu, na nimefunga kwa ajili ya Arafa, kwa hiyo naomba nisiletewe chai kwa mara ya tatu. Kesho ni Idi. Leo ndiyo siku ambayo mwenye duka la nguo hapaswi kuwa mahali pengine popote isipokuwa dukani. Nimekuja kwa sababu kuna mtu anaitwa mwizi naye si mwizi, na anayeweza kulisema hilo kwa ushahidi ni mimi.

Nina duka Mbugani tangu mwaka 2009. Binti yangu Sabrina anafanya kazi saluni huko Durban, Afrika Kusini, na huu ni mwaka wake wa tatu. Kifurushi chake cha simu kina dakika nyingi za kupiga namba za kulekule, ila intaneti kwake ni ya kubana. Akinipigia kwenye namba yangu ya Tanzania, salio linakata kabla hatujamaliza kuulizana hali. Nikimpigia mimi, hali ni hiyohiyo. Kwa miaka miwili tumekuwa watu wa kusema "haya, nitakupigia" tu.

Mnamo tarehe 3 Mei 2025, siku ya Jumamosi, saa 5:00 asubuhi, nilikwenda kwa Lugano Mwandemele, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi ya Kyela. Nilimweleza shida yangu. Akasema dawa yake ni namba ya mtandaoni. Alinifafanulia kuwa napewa namba ya Afrika Kusini bila mimi kutoka Kyela. Sabrina akiipiga, kwake inahesabika amepiga palepale alipo, na kwangu inalia ndani ya simu hii hii kwa kutumia bando. Ujumbe mfupi nao unaingia na kutoka. Malipo ya mwezi hayafiki bei ya sahani mbili za wali nyama. Nikasema fungua.

Aliingiza programu kwenye simu yangu, akajaza jina langu, akanionyesha orodha ya namba zilizo wazi. Nilichagua moja ambayo mwisho wake ni rahisi kukumbuka. Alisema malipo yanataka kadi ya benki nami sina, kwa hiyo namba itakaa chini ya akaunti yake na mimi nitamlipa yeye. Akaiwekea ruhusa ya kulia hata simu ikiwa imezima kioo, akaipiga kwa majaribio, ikalia. Nilimuuliza, "Lugano, hii namba ni mpya?" Akajibu, "Mpya kabisa, mama. Haijaguswa." Naomba neno "haijaguswa" liandikwe kama alivyolisema.

Jioni ile Sabrina alinipigia. Tuliongea dakika arobaini. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke tuliongea mpaka tukakosa la kusema, na bado hakuna aliyekata.

Nimeulizwa laini ya namba hiyo iko wapi ili ichukuliwe kuwa kielelezo. Laini hakuna. Nimeshaeleza hivyo kwa askari wa mapokezi, kwa askari wa zamu, na kwa aliyenileta chumba hiki. Nimefungua simu mbele ya Afande, nimetoa laini zangu mbili, nimeziweka mezani, zote za Tanzania. Afande ameuliza kama hiyo ya tatu imo ndani zaidi. Haimo. Ni namba isiyo na laini, kama vile mtu anavyoweza kuwa na anwani ya barua pasipo kuwa na nyumba.

Kuanzia tarehe 6 Mei nilianza kupata ujumbe usio wangu. Mwingine ulikuwa wa matangazo ya mikopo kwa Kiingereza, mwingine wa kampuni ya mabasi, na karibu wote ulianza na jina Nancy. Tarehe 9 Mei nilirudi kwa Lugano nikamuuliza Nancy ni nani. Alikuwa anachomea waya kwenye spika, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mitandao tu hiyo, mama. Wanabahatisha majina." Nikaondoka. Mimi na umri wangu huu nikaamini kwamba mtandao unabahatisha jina lilelile mara tisa.

Mnamo tarehe 22 Mei, Alhamisi, saa 2:15 asubuhi, uliingia ujumbe wa Kiswahili kutoka namba ya Afrika Kusini. Nausoma kutoka kwenye simu: "Nancy, mimi Israeli. Simu yangu ilipotea hospitali, hii nimeazima kwa mlinzi. Nimelala hapa miezi minne, kifua. Namba niliyoishika kichwani ni yako tu. Nimeruhusiwa. Narudi nyumbani." Nilimjibu, "Umekosea namba." Akajibu, "Nancy, acha utani." Nikaandika, "Mimi siye Nancy. Ni mwanamke mwingine." Hakujibu tena. Niliona nimemaliza.

Tarehe 25 Mei, Jumapili, ulikuja ujumbe mwingine kutoka namba ya Zimbabwe: "Nancy, niko na dereva wa lori. Nimekutana na mtu wa kwetu amesema mama amefariki tangu mwezi wa pili. Ni kweli? Najua una hasira sikupiga. Nilikuwa kitandani." Huo niliusoma nikiwa nimesimama, nikakaa. Niliandika, "Pole sana kaka, lakini kweli mimi siye Nancy." Aliyejibu ni dereva mwenyewe, kwa Kiingereza, akasema yule mtu amehamia gari jingine.

Tarehe 27 Mei uliingia mwingine kutoka Msumbiji. Ulikuwa na maneno haya tu: "Nancy, nijibu hata neno moja." Huo sikuujibu. Nilishajibu mara tatu na kila nikijibu, simu imeshabadilisha mtu. Ningejibu nini, na ningemjibu nani?

Nimeulizwa kwa nini wakati huo sikutoa taarifa polisi. Ningetoa taarifa ya nini? Kwamba kuna mtu ananiita Nancy?

Tarehe 29 Mei, Alhamisi, saa 4:20 asubuhi, duka lilikuwa limejaa watu wa Idi. Mama mmoja alikuwa amenishikia vitenge viwili akitaka nimwambie kipi hakichuji, mwingine anapekua mitandio yote na kuitupa chini. Namba ile ikalia. Ilikuwa inapigwa kutoka Malawi. Nikapokea. Sauti ilikuwa mbali na yenye kukohoa. Ikasema, "Nancy, mdogo wangu." Nikasema, "Kaka, nimechoka. Usinipigie tena. Huna mtu hapa." Nikakata, kisha nikaifungia namba ile isiweze kuingia.

Nilimaanisha kwamba hapa hakuna mtu unayemtafuta. Ndivyo nilivyomaanisha. Lakini nilichosema ni hicho nilichokisema, na sauti yangu ilikuwa ya ukali.

Baada ya hapo simu ilitulia kwa siku sita. Nasema kweli, nilifurahi.

Mnamo tarehe 4 Juni, Jumatano, saa 10:05 jioni, uliingia ujumbe kutoka namba nyingine ya Malawi. Unasema: "Nancy, nimefika Karonga. Umesema sina mtu hapo, nimekusikia. Sitakuja kwako. Kesho nitavuka daraja la Songwe niende kwenye nyumba ya mama Njisi, nilale, nione kaburi lake. Tafadhali usimwambie mtu anifukuze."

Kwa mkono uleule niliotumia kumfungia namba, nilipiga simu papo hapo. Alipokea fundi cherehani wa sokoni Karonga. Kwa bahati alikuwa anajua Kinyakyusa, ambacho kwangu ni lugha ya mama yangu. Akasema, "Ameondoka kutafuta gari la Songwe, mama. Anatembea kwa kupumzikapumzika. Mkononi ana mfuko mmoja wa salfeti." Nikamwuliza kama anaweza kumfuata. Akasema amejaribu kumwangalia barabarani, haonekani tena.

Nilifunga duka wateja wakiwa ndani. Niliwaomba watoke. Saa 11:00 jioni nilikuwa kwenye kibanda cha Lugano. Nilimsomea ujumbe wote kwa sauti, kisha nikamuuliza, "Huyu anasema Njisi. Na Njisi nayo ni mitandao inabahatisha?"

Lugano aliweka bisibisi chini. Akasema, "Mama Sabrina, naomba usipige kelele."

Nikamwambia sijaanza.

Ndipo aliposema kwamba namba ile alimfungulia Nancy Mwakatobe mwaka juzi, kwa sababu ileile yangu: ana kaka yake Afrika Kusini anaitwa Israeli na walitaka kuongea bila gharama kubwa. Nancy alilipia hadi mwezi wa pili mwaka huu. Kaka yake alikuwa kimya tangu Januari, mama yao Keziya akafariki, wakamzika bila yeye, na Nancy akamwambia Lugano, "Nimechoka kulipia namba isiyolia. Ifunge." Lugano hakuifunga. Aliiacha kwenye akaunti yake mpaka nilipokuja mimi.

Nilimwambia, "Ulisema haijaguswa."

Akasema, "Nilimaanisha haijaguswa na wewe."

Sitaeleza nilichomjibu kwa kuwa nilikuwa sijafunga siku hiyo.

Nilimuuliza Nancy yuko wapi. Akasema ameolewa Busale, na kipindi hiki yuko shambani wanavuna mpunga. Tulipiga namba yake ya Tanzania aliyokuwa nayo Lugano, ikawa imezimwa. Tulipiga tena na tena mpaka giza likaingia. Tukakubaliana kwamba alfajiri yeye aende Busale kwa pikipiki akamtafute Nancy, na mimi niende kumsubiri Israeli upande wa daraja. Lugano alisema ataondoka asubuhi. Nilimwambia asubuhi ni neno refu, ataondoka saa kumi na mbili kamili. Nilifika kwake saa kumi na mbili kasorobo nikasimama nje mpaka alipowasha pikipiki.

Jana tarehe 5 Juni, Alhamisi, saa 1:10 asubuhi, nilifika Kasumulu. Nilisimama njia wanayotokea watu wa daraja. Sikujua sura yake. Nilikuwa naangalia mwanamume mwenye mfuko wa salfeti, na kila mwanamume pale ana mfuko wa salfeti. Niliwauliza wanaume kumi na wanne kama ni Israeli. Wabadilisha fedha walinifuata mara nne wakidhani nina kwacha. Saa 3:50 mama mmoja muuza maandazi aliniambia kwamba kulipokucha alipita mtu mwembamba sana, alimwomba maji, na alipopewa alisema "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kama mtu wa hapa, ingawa hakuwa mtu anayemfahamu. Aliuliza kama njia ya zamani ya kwenda kwa mama Keziya bado inapitika. Yaani alipita kabla mimi sijafika.

Nilichukua bodaboda. Tulifika nyumbani kwa marehemu Keziya saa 4:40 asubuhi. Kelele za "mwizi" nilizisikia tangu kwenye migomba.

Niliyoyaona ni haya. Palikuwa na watu kama kumi na watano uani. Kufuli la mlango lilikuwa limevunjwa, jiwe liko chini. Mwanamume mwembamba alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, damu inatoka juu ya sikio la kulia. Mbele yake alisimama mzee ambaye sasa namjua kwa jina la Zebedayo Mwaijande, jirani aliyeachiwa nyumba aitunze, ameshika mpini wa jembe. Nilimwona akimpiga yule mtu mara moja kwenye mkono wa kushoto. Hilo niliona kwa macho. Jeraha la kichwani sikuona lilivyotokea na sitasema nani alilifanya.

Nilipiga kelele, "Acheni! Huyu anaitwa Israeli!"

Mzee Zebedayo akanigeukia. "Hata yeye anasema hivyo. Israeli wa Keziya tunamjua, alikuwa na mwili. Huyu ni ufito. Wewe umemjuaje?"

"Simjui."

"Humjui?"

"Simjui, ndiyo kwanza namwona! Lakini ananitumia ujumbe wiki mbili!"

Mama mmoja kwenye kundi akasema, "Basi ni mume wake." Mwingine akasema, "Au wako pamoja, mmoja anavunja, mwingine anakuja kubeba." Nilikuwa nimevaa baibui, nina mkoba mkubwa. Nadhani mkoba ndio uliowatia shaka.

Niliwaambia mimi ni Mwasiti muuza vitenge wa Mbugani, na kwamba nusu ya vitenge vilivyokuwa pale uani nimevikata mimi. Hapo wanawake wawili walinitambua. Nikatoa simu. Nikasoma ujumbe wa Karonga kwa sauti, wote, kuanzia "Nancy, nimefika" hadi "usimwambie mtu anifukuze". Mzee Zebedayo alisema kwamba amempigia Nancy mara tatu asubuhi ile kumweleza kuna mtu amevunja, simu yake haipatikani, ndiyo maana wakajichukulia hatua. Aliuteremsha mpini lakini hakuuachia.

Saa 5:05 simu yangu ililia. Alikuwa Lugano. Amemkuta Nancy katikati ya mpunga, simu yake imeisha chaji tangu juzi. Nikasema mpe simu. Nikaweka sauti ya nje, nikaisogeza kwa yule mtu aliyekaa chini. Sauti ya mwanamke ikaita, "Israeli? Kaka, ni wewe?"

Yeye aligeuza uso ukutani.

Nikamwambia, "Kaka, ongea. Ni Nancy."

Akasema taratibu, "Nancy aliniambia nisimpigie tena. Aliniambia sina mtu hapa."

Nancy kule kwenye simu akalia, "Mimi? Nani kasema hivyo? Nani?"

Watu wote wa uani walikuwa wanasikia. Wanawake walionitambua nao walikuwa wanasikia. Nilichuchumaa nikawa usawa naye, nikasema, "Ni mimi niliyesema. Siyo Nancy. Namba yake nimeuziwa mimi. Wewe ulipopiga nilikuwa na wateja, nikakujibu vibaya. Nancy hajakusikia hata siku moja tangu uugue."

Aliniangalia usoni. Akasema, "Sema tena hayo maneno ya mwisho."

Nikasema tena.

Akasema, "Sauti ndiyo hii."

Kisha akanyoosha mkono wa kulia, ule ambao haukupigwa, akachukua simu. Waliongea Kinyakyusa. Niliyasikia yote na kuyaelewa. Hayahusu kesi hii, na sitayaeleza hata nikiulizwa mara ya nne.

Wakati wanaongea, mzee Zebedayo aliutupa mpini kwenye migomba. Alikuja akapiga magoti, akamshika Israeli kidevu, akamgeuza huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea. Akasema, "Wewe ndiye uliyenibebea matofali ya nyumba yangu." Israeli akasema ndiye. Mzee alikaa chini palepale kwenye vumbi na kushika kichwa.

Nilisema mgonjwa apelekwe hospitali. Israeli akakubali, ila kwanza aonyeshwe kaburi la mama yake. Watu wakaanza kubishana kwamba ni mbali, kwamba mkono umevunjika, kwamba jua limekuwa kali. Mzee Zebedayo, ambaye nakadiria ana miaka zaidi ya sitini, hakubishana na mtu. Alimpandisha mgongoni akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye mikokoa. Mimi sikuwafuata. Walikaa kama dakika tano. Kisha akambeba vilevile hadi barabarani, akakataa kupokezana na yeyote, na njia nzima alikuwa anatweta kuliko mgonjwa.

Tulifika hospitali saa 7:15 mchana. Nancy aliletwa na Lugano saa 7:50, miguu ina tope la shamba hadi magotini, na bado ameshika mundu ambao muuguzi alimwomba auache mlangoni. Walivyokutana sikuona kwa sababu nilitoka nje. Nje nilimkuta Lugano amekaa kwenye pikipiki yake. Akasema, "Mama, nilidhani ni namba tu."

Saa 9:00 alasiri mgambo alifika hospitali akasema kuna taarifa ya nyumba kuvunjwa na mtu kujeruhiwa, na kwamba Israeli yuko chini ya ulinzi mpaka ithibitike. Ndiyo maana niko hapa.

Nimeulizwa kama Israeli alivunja kufuli. Ndiyo, alivunja, na mwenyewe hafichi. Alifika, akabisha hodi kwa mzee Zebedayo, hakumkuta, akawa hawezi kusimama tena. Alivunja kufuli la nyumba aliyozaliwa ndani yake ili alale. Nancy, ambaye ndiye mwenye funguo, yuko hapo nje kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi akisubiri kusema hivyohivyo.

Nimeulizwa kama mzee Zebedayo alikuwa na nia ya kuua. Nia yake siijui. Nilichokiona ni pigo moja, na baadaye nikaona mgongo wake. Mwenye kuamua uzito wa vyote viwili si mimi.

Nimeulizwa kama nina malalamiko dhidi ya Lugano Mwandemele. Ninayo mengi. Ila jana alikwenda Busale na kurudi kwenye njia mbaya bila kudai hata mafuta, na leo asubuhi amehamisha namba ile kuirudisha kwa jina la Nancy, mimi nimefunguliwa nyingine. Kwa sababu Nancy hana simu inayoweza kuibeba hadi Jumatatu, namba yake bado inafanya kazi kwenye simu yangu. Najua jambo hilo litamchanganya Afande. Limenichanganya hata mimi.

Nimeulizwa kama kuna jambo la kuongeza. Lipo.

Leo saa 1:30 asubuhi kabla ya kuja hapa nilipita hospitali kumpelekea Israeli uji, ingawa mwenyewe nimefunga. Mkono umewekwa hogo la plasta. Kifua kinatibika, daktari amesema dawa asiziache tena njiani. Hakuongelea habari za simu ile, wala mimi sikuziongelea. Aliniomba jambo moja. Alisema njiani watu walimwazima simu zao, watu wasiomjua, wengine salio lao lilikuwa la mwisho, na kila mmoja alimwambia akifika awajulishe. Namba zao hakuwa nazo. Mimi ninazo zote, kwa sababu kila ujumbe ulioniudhi ulikuja na namba ya mtu aliyemsaidia.

Tulikaa kitandani kwake tukawaandikia kupitia namba ileile. Walikuwa watano: mlinzi wa hospitali kule Afrika Kusini, dereva wa lori wa Zimbabwe, mtu wa Msumbiji tusiyejua kazi yake, mama wa Lilongwe ambaye simu yake niliifungia na ikabidi kwanza niifungulie, na fundi cherehani wa Karonga. Yeye alikuwa anataja maneno, mimi naandika: "Israeli amefika kwao. Dada yake amempokea. Asante."

Wanne wamejibu. Mama wa Lilongwe hakuandika, alipiga, na alicheka kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. Dereva wa lori hajajibu. Israeli anasema yeye huwa anawasha simu mchana anaposimama kula.

Kwa hiyo ninaomba simu yangu isichukuliwe kuwa kielelezo siku ya leo. Ujumbe wote upo, Afande aupige picha, aunakili, afanye anavyotaka. Simu yenyewe ninaihitaji. Kuna mtu hospitalini ataniuliza nikirudi.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyafanya mwenyewe, yote mawili. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, nimeyaelewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. S. Mbwana

Maelezo ya mpokeaji: Nimeandika maelezo haya mimi, Koplo Anyosisye, kama yalivyotolewa na shahidi, na kumsomea mwanzo hadi mwisho. Ujumbe kumi na moja umepigwa picha na kuambatanishwa. Laini mbili zimerudishwa kwa shahidi. Ya tatu haipo. Nancy Mwakatobe ameingia kutoa maelezo saa 6:20 mchana. Wakati nafunga jalada hili, saa 6:35, simu ya shahidi ilipokea ujumbe kutoka namba ya Zimbabwe. Shahidi aliomba ruhusa ya kuondoka. Ameruhusiwa, pamoja na simu.